Meza ya kuchomelea kwa anayeanza nyumbani: unene si swali la kwanza

Mashine ya kuchomelea siku hizi inaning'inizwa begani. Lile sanduku la transfoma lenye magurudumu, linalohitaji watu wawili kulishusha kwenye mkokoteni, bado lipo kwenye karakana nyingi za Mwanga na Ujiji, lakini kijana wa Kigoma anayetaka kujifunzia uwani kwao hanunui hilo tena. Ananunua inveta ndogo, yaani hiyo mashine nyepesi ya begani, grainda, boksi la fimbo za kuchomelea na kinga ya uso. Akishafika nyumbani ndipo anagundua kuna jambo ambalo dukani halikuzungumzwa: kazi yenyewe ataiweka juu ya nini?

Akiuliza, atapata majibu ya aina tatu. Wa kwanza atamwambia anunue plati, yaani bamba la chuma, nene kadiri mfuko unavyoruhusu. Wa pili, kwa kawaida fundi mzoefu aliyechuchumaa pembeni ya geti analolichomelea, atacheka na kumwambia, "Mdogo wangu, chini panatosha, sisi tumezeekea hapa." Wa tatu atamshauri achukue meza ya mbao iliyochoka, aivishe bati juu, aanze kazi. Jibu la tatu ni la hatari na nitalirudia huko mbele. Mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanachanganya.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba meza ya kuchomelea inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na kila mshauri anatetea moja akisahau nyingine. Meza ni kipimo, yaani uso ulionyooka ambao ukilaza vyuma juu yake unajua vimelala sawa. Meza ni kishikio, mahali pa kubania kazi isicheze. Na meza ni sehemu ya njia ya umeme, maana mkondo unaotoka kwenye fimbo lazima urudi kwenye mashine kupitia chuma fulani. Unene wa plati unagusa kazi zote tatu kidogo kidogo, lakini haumalizi hata moja.

Huyo fundi wa chini tusimdharau. Anachomelea geti la mita tatu na nusu juu ya vipande vinne vya bomba alivyovipanga kwenye udongo, na geti linatoka limenyooka. Lakini mtazame vizuri kabla hajawasha mashine. Anavuta uzi, anapima kona hadi kona, anaweka kijiwe chini ya bomba moja, anafumba jicho na kuangalia kwa kuinama, anaongeza kijiwe kingine. Kila kazi anaijengea meza yake upya. Anaweza kwa sababu jicho lake limeshakomaa, na kwa sababu anajua chuma kitavutia upande gani kabla hakijavuta. Anayeanza hana vyote viwili. Meza ni ya huyo ambaye jicho halijakomaa.

Chuma kinavyovuta

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Asiyeelewa sehemu hii atanunua meza kwa kuangalia uzito tu.

Chuma cha kawaida, kile cha mabomba na engo za madukani, hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita moja joto lake likipanda nyuzijoto 100. Kikipoa kinarudi. Kingekuwa kinapata moto chote kwa pamoja, pasingekuwa na shida. Unapochomelea, hata hivyo, eneo dogo linayeyuka kwenye nyuzijoto karibu 1,500, huku mwisho wa bomba hilo hilo ukiwa bado unashikika kwa mkono. Eneo la moto linataka kutanuka. Chuma baridi kilichokizunguka kinakataa. Kwa kuwa chuma chenye moto ni laini, kinachobonyea ni hicho cha moto, kinajibana mahali pale pale. Kisha kinaanza kupoa na kutaka kufupika, safari hii kikiwa tayari kigumu na kimeshikana na jirani zake pande zote. Sasa kinavuta. Mshono wa sentimita 10 ungekuwa huru, ungefupika kwa karibu milimita 2 tangu kuganda hadi kupoa kabisa. Kwa kuwa hauko huru, mfupiko huo unageuka nguvu, na nguvu hiyo inatafuta upande ulio dhaifu.

Ukichomelea kiungo cha herufi T upande mmoja tu, mguu unaegemea upande wa mshono. Unaweza kusema ni nyuzi moja tu ya pembe, nani ataiona? Nyuzi moja kwenye mguu wa meza wa sentimita 90 ni sentimita moja na nusu kule chini. Kwenye nguzo ya geti ya mita mbili ni sentimita tatu na nusu, na kitasa hakitaingia kwenye tundu lake.

Wanaopita bandarini Kigoma wana mfano mzuri wa njia nyingine. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya hapa, na kushushwa ziwani mwaka 1915. Bati zake zilifungwa kwa riveti, vile vipini vya chuma vinavyopitishwa tunduni na kupondwa ncha. Riveti ya moto nayo hufupika ikipoa, lakini inavuta kwa upande wa unene, inabana bati mbili zikae pamoja, haizikunji. Kuchomelea kulipochukua nafasi ya riveti kwenye ujenzi wa meli kulipunguza uzito na kazi ya kutoboa matundu, ila kulikuja na tatizo hili la kuvuta.

Sasa meza inasaidia nini? Haiondoi mvuto. Hakuna meza duniani inayouondoa. Inakuwezesha kubana vyuma vikiwa kwenye pembe sahihi, ukavishikiza kwa nukta ndogo ndogo kila kiungo, ukapima tena, ndipo ukajaza mishono kwa kuruka ruka: kidogo hapa, kidogo kona ya pili, upande wa juu, upande wa chini. Chuma kikipoa kikiwa kimebanwa, sehemu kubwa ya nguvu ile inaishia ndani yake badala ya kuipinda kazi. Ukifungua klampu, yaani vibanio vya kukaza, bado itarudi kidogo. Kwa grili au fremu ya kiti, kidogo hicho unakisamehe.

Kwa hiyo meza isiyo na mahali pa kushikia klampu, hata ikiwa na unene wa milimita 20, haijakupa kitu kikubwa zaidi ya ardhi. Hili ndilo ningetaka mnunuzi alishike kabla hajatoa pesa. Uliza kwanza: imenyooka? Ya pili: klampu itashika wapi? Unene uje baada ya hapo.

Kunyooka na unene

Unene una faida yake, tusiukane. Ugumu wa plati dhidi ya kupinda huongezeka kwa mchemraba wa unene wake, maana yake plati ya milimita 6 ni ngumu mara nane kuliko ya milimita 3, si mara mbili. Pia plati nene inachelewa kupata moto, kwa hiyo haikunjiki ovyo ukichomelea juu yake kwa muda mrefu.

Lakini piga hesabu ya uzito, kwa sababu bei ya chuma kwa sehemu kubwa inafuata kilo. Plati ya chuma, kila milimita moja ya unene, ina karibu kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Meza ya mita 1.2 kwa sentimita 60 ikiwa na uso wa milimita 3 inabeba kilo 17 za plati. Ya milimita 6 ni kilo 34. Ya milimita 10 ni kilo 56 na ushei. Na plati haiuzwi kwa kipimo cha meza yako. Inakuja nzima, futi nne kwa nane, na nzima ya milimita 6 ni kilo 140. Chuma kinachofika Kigoma kimeshasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, iwe kwa reli au kwa lori, na nauli hiyo wewe ndiye unayeilipa. Ukipata kipande kilichobaki kwenye karakana kubwa, ni bahati yako. Usipokipata, utanunua plati nzima kwa ajili ya robo.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa "nene zaidi" hawalisemi. Plati nyembamba iliyopinda kidogo unaweza kuibana kwenye fremu iliyonyooka ikalala. Plati ya milimita 10 iliyokaa mwaka mzima imeegemezwa ukutani ikapata tumbo haitakubali. Utaichukua na tumbo lake, na kila fremu utakayoibania juu yake itatoka na tumbo hilo hilo.

Kagua kabla ya kulipa. Chukua rula ndefu ya alumini au pimamaji ya mita moja, isimamishe kwa ubavu juu ya plati, uangalie mwanga chini yake. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kisha vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona zikatane katikati, kila ncha ikikaa juu ya ukingo. Uso ukiwa haujajipinda, nyuzi zitagusana bila kusukumana. Zikiachana kwa milimita 2 pale katikati, ujue kona moja imepanda au kushuka kwa karibu milimita 4. Zikigusana, badilisha uzi wa juu uwe wa chini uone tena, maana kosa la upande mmoja hufichwa na uzi unaoulalia mwenzake. Kwa kazi za nyumbani, grili, viti, majiko, stendi ya tanki la maji, tofauti ya milimita moja hadi mbili kwa meza nzima inatosha kabisa. Wanaokuambia robo ya milimita wanatengeneza vitu vingine.

Meza ya mataruma

Chaguo ambalo mimi ningelipa nafasi ya kwanza kwa anayeanza Kigoma si plati nzima. Ni uso wa mabomba ya mraba au flati ba (vyuma bapa) nene zilizopangwa kwa kuachana, kama mataruma ya reli, juu ya fremu moja imara.

Faida kubwa ni klampu. Kwenye plati nzima unabania pembezoni tu, labda uitoboe matundu, na kutoboa matundu kwenye milimita 10 kwa drili ya mkono ni adhabu. Kwenye mataruma, kila nafasi ni mdomo wa klampu. Ukitaka kubana katikati ya meza, unapitisha klampu kati ya mabomba mawili na kukaza. Magamba ya fimbo na vipande vya kukatwa vinaanguka chini vyenyewe, kwa hiyo huna haja ya kufagia uso kila mara ili kazi ilale sawa. Na taruma moja likiharibika kwa kuchomelewa kwa bahati mbaya au kukatwa na grainda, unalibadilisha hilo peke yake.

Hesabu yake inakaa vizuri na jinsi mabomba yanavyouzwa. Bomba la mraba kwa kawaida lina urefu wa mita 6. Fremu ya meza ya mita 1.2 kwa 0.6, yenye miguu minne ya sentimita 85 na mihimili mitatu ya kufunga miguu huko chini, inakula kama mita 9.4, yaani mabomba mawili ya milimita 40 kwa 40, na kipande cha kama mita mbili na nusu kinabaki kwa ajili ya kazi nyingine. Bomba la tatu, liwe la milimita 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3, unalikata mara nne kupata mataruma matano ya mita 1.2, pungufu ya milimita mbili tatu kila moja zilizoliwa na diski. Yakipangwa kwenye upana wa sentimita 60, yanaachana kwa karibu sentimita 9. Meza nzima inakuja kama kilo 50, uzito unaotulia lakini watu wawili wanaunyanyua na kuuingiza ndani usiku.

Pima bomba kabla halijakatwa. Urefu wa mita 6 wakati mwingine ni wa maneno, na unene wa ukuta ndio zaidi. Bomba linaloitwa la milimita 2 likipimwa kwa kaliba, kile kipimo cha unene, linaweza kusoma pungufu. Kwa fremu ya meza tofauti hiyo unaweza kuivumilia ukijua. Kwa mataruma, ambayo yatapigwa nyundo, yatabanwa na kuunguzwa kila siku, usiivumilie.

Kasoro zake? Vitu vidogo vinadondoka. Bawaba, nati, kipande cha sentimita tano, vyote vitapita kwenye nafasi. Dawa ni kipande kimoja cha plati nene, milimita 8 au 10, sentimita 30 kwa 30, unachokiweka juu ya mataruma unapotengeneza vidogo na kukiondoa ukimaliza. Hapo ndipo unene unalipa: kipande hicho ni kilo saba hivi na unakipata kwenye mabaki. Kasoro ya pili ni magamba ya moto yanayoanguka miguuni. Viatu vya ngozi vilivyofunga, suruali iangukie nje ya kiatu, isiingizwe ndani.

Namna ya kufunga mataruma kwenye fremu ndiyo inayowaangusha wengi, hata waliotumia vyuma vizuri. Ukichomelea kila taruma kuzunguka lote, mvuto niliouelezea utaipinda meza siku ile ile inapozaliwa. Ama yafunge kwa bolti mwisho huu na ule, ukiweka vipande vya bati chini ya lile lililozama mpaka yote yawe usawa mmoja. Ama yachomelee kwa nukta mbili fupi kila mwisho, kwa upande wa chini tu, ukiruka kutoka taruma la kwanza kwenda la mwisho, kisha la katikati, huku yote yamebanwa kwenye chuma kilichonyooka. Bolti ni bora. Ukiwa na plati nzima, kanuni ni hiyo hiyo: vishono vya sentimita mbili mbili, vikiachana kwa sentimita 20 hivi, kutokea chini. Usiizungushie mshono kamwe.

Ukubwa? Watu huota meza ya kulaza geti zima. Achana nayo. Dirisha la futi tano kwa tano halitoshi hata kwenye meza ya futi nne, na geti la gari halitoshi kwenye meza yoyote itakayopita mlangoni mwenu. Meza ya futi nne kwa mbili pamoja na stendi mbili za kimo kile kile, unazozisogeza popote kazi inaponing'inia, itakufikisha mbali kuliko meza moja kubwa iliyojaa uwani.

Kimo nacho si cha kubishania sana. Simama, kunja kiwiko. Uso wa meza uwe chini ya kiwiko kwa kiganja kimoja au viwili. Kwa wengi inaangukia kati ya sentimita 80 na 95. Anayependa kukaa kwenye kigoda akichomelea ashushe zaidi.

Vyuma vya kuokoteza

Kujenga meza kwa vyuma chakavu ni akili, ila kuna vitatu vya kuogopa.

Cha kwanza ni bomba la maji lililopakwa zinki, lile jeupe linalong'aa. Linavutia kwa miguu ya meza kwa sababu haliotei kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, chini kabisa ya joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo inageuka moshi mweupe kabla hujapata mshono. Anayeuvuta moshi huo huanza kutetemeka na kupata homa saa chache baadaye, na wengi hapa watadhani ni malaria. Kwa kawaida homa hiyo hupita ndani ya siku moja au mbili, lakini hakuna sababu ya kuitafuta. Kama lazima ulitumie, zinki hiyo iondolewe kwa grainda hadi chuma kitupu sentimita kadhaa kila upande wa kiungo, nje kwenye upepo, pua zimefunikwa, na bado usisimame juu ya moshi.

Cha pili ni pipa. Kigoma mapipa yamejaa, ya mafuta ya taa, ya dizeli, ya mawese, na pipa lililopinduliwa linaonekana meza tayari. Pipa lililowahi kubeba mafuta hubaki na masalia kwenye mishono yake hata likikauka kwa macho. Moto wa fimbo au cheche za grainda hugeuza masalia hayo mvuke, mvuke unachanganyika na hewa iliyofungiwa ndani, na pipa linalipuka. Kuliacha wazi au kulisuuza kwa maji ya sabuni hakukupi uhakika. Usilikate, usilichomelee, usilifanye meza.

Cha tatu ni kipande cha reli. Sisi tuko mwisho wa reli ya kati, na reli ilifika hapa mwaka 1914. Kipande cha kutumia kama fuawe kitakuja kuuzwa mlangoni kwako kwa bei ya kutupa. Kikatae. Ni mali ya shirika la reli, na kesi ya kukutwa nacho haitauliza kama ulikuwa unajifunza ufundi.

Matofali ya kuchoma, kwa upande mwingine, hayana kosa kama ya kuanzia. Yakiwa makavu yanahimili moto, yanapangika, na hayagharimu. Ila hayapitishi umeme na hayana pa kubania. Sakafu ya zege ndiyo ya kuepuka: unyevu uliojificha ndani yake hugeuka mvuke chini ya chuma cha moto na kurusha vipande usoni.

Umeme unarudi kupitia wapi

Klipu ya athi, ile ya waya unaorudisha mkondo kwenye mashine, ukiibana kwenye meza, meza yote inakuwa sehemu ya mzunguko. Hiyo ni raha, kwa sababu kila utakachokilaza juu yake kinachomeleka bila kuhamisha klipu. Ni sababu pia ya kutopaka rangi uso wa meza. Rangi na kutu vinazuia mkondo. Moto unawaka kidogo kidogo kwenye klipu, fimbo inanata, na anayeanza anailaumu mashine. Paka rangi miguu, uso uache chuma kitupu. Kama mataruma yamefungwa kwa bolti, sugua mahali bolti zinapogusana na fremu mpaka ziwe safi.

Karia ya bodaboda au kitu chochote chenye beringi ni habari nyingine. Usiache mkondo utafute njia kupitia gurudumu. Toa klipu mezani, ibane kwenye karia yenyewe karibu na unapochomelea, na betri uwe umeifungua.

Mashine nyingi za fimbo, kabla moto haujashika, huwa na volti kati ya 60 na 80 kwenye kishikio. Ukiwa umekauka na umevaa glovu, si neno. Ukiwa umelowa jasho, peku, na umeegemea meza iliyolowa mvua, ni neno. Kigoma mvua inaweza kunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, kwa hiyo meza ya uwani inahitaji paa juu na kipande cha ubao mkavu au mpira chini ya miguu yako.

Na sasa ile meza ya mbao iliyovishwa bati. Bati halizuii joto, linalipitisha. Mbao iliyo chini inageuka mkaa polepole bila mwali, na huo moto wa kufukuta unaweza kuamka saa nzima baada ya wewe kwenda kula. Mninga na mtundu ni mbao za heshima, zikae kwenye vitanda na milango. Cheche nazo zinaruka mbali kuliko watu wanavyodhani, hadi mita 10, na kwenye nyumba zetu ndani ya mita 10 utakuta rundo la makapi ya chikichi yaliyoanikwa kwa ajili ya kuwashia jiko. Yana mafuta. Yahamishe kabla, weka ndoo ya mchanga chini ya meza, na ukimaliza zunguka ukague tena baada ya nusu saa au zaidi.

Meza iwekwe ukuta ukiwa nyuma yake, na upande ulio wazi ufungwe kwa bati la kusimamisha, maana watoto watakuja. Mwanga wa fimbo unaunguza macho ya anayetazama kwa mbali, na maumivu yake, ule mchanga machoni, huanza saa kadhaa baadaye usiku.

Nani aijenge

Hili ni swali la kuku na yai: meza nzuri inahitaji meza nzuri ya kuijengea. Jibu la busara kwa anayeanza ni kununua vyuma mwenyewe, kuvipeleka kwa fundi anayemwamini, na kumlipa akate na kuchomelea fremu huku wewe ukishikilia na kutazama. Fremu ndiyo ngumu. Mataruma utayafunga mwenyewe nyumbani kwa spana. Mwombe pia, kabla ya kuchukua vipimo, achomelee nati chini ya kila mguu na kuingiza bolti ndefu, kichwa kikiwa chini. Uwanja wa Kigoma una mteremko, na meza yenye miguu inayopandishwa na kushushwa kwa spana itasimama sawa popote pale. Weka kipande cha plati au jiwe bapa chini ya kila bolti isizame kwenye udongo mvua ikinyesha.

Kabla hamjaachana, vuta zile nyuzi mbili kona kwa kona hapo hapo karakanani. Pima na mishazari yote miwili kwa futi kamba. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, fremu haijakaa mraba na ni rahisi kuirekebisha sasa kuliko baada ya rangi.

Uso ukianza kushika kutu, usugue kwa brashi ya waya na kuupangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo sana ya injini. Mawese yasitumike, ingawa yako jikoni: yanaganda na kushika vumbi, na siafu watakuja kukusaidia kuyamaliza. Kabla ya kuchomelea, pangusa oili hiyo, la sivyo mshono utatoka na vitundu.

Kile kipande cha mita mbili na nusu kilichobaki kwenye bomba la fremu ndicho mazoezi yako ya kwanza. Ongezea mabaki kidogo ya karakanani, jenga stendi mbili, na kimo chake kisipimwe kwa futi kamba bali kwa meza yenyewe, kwa kulaza pimamaji kutoka uso wa meza hadi kichwa cha stendi.